Betri ya Siku Mbili

Sikumpenda Ikram tangu siku aliyoingia nyumbani kwangu, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa kusema vinginevyo. Mwanangu Abdulatif alimtoa kwao Bangwe, akamleta hapa Ujiji, akakaa naye siku arobaini, halafu akarudi Geita kwenye ufundi wake wa magari ya mgodi. Mimi nikaachiwa mke wa mtu. Nani aliniuliza kama nataka kazi ya ulinzi?

Alikuwa na mdomo. Hilo lilinichosha kuliko yote. Siku moja nilimwambia, mbele ya jirani yangu Nasra, kwamba miaka miwili imepita na mjukuu simwoni. Hakuinua hata uso kwenye mchele aliokuwa akichagua. Akasema, "Mama, mwanao anakuja mara moja kwa mwaka, Idi Kubwa. Mjukuu aje kwa basi?" Nasra akacheka mpaka akajiziba kwa mtandio. Mimi sikucheka, na siku hiyo sikula chakula chake.

Siku nyingine nilikula, niseme kweli, maana Ikram ndiye aliyekuwa akiendesha nyumba. Kila Jumanne alishuka Kibirizi kupanda boti ya Kagunga, kule juu kabisa mpakani na Burundi. Analala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, na Jumatano anarudi na madumu ya mawese, akayauze sokoni Mwanga. Fedha ya Abdulatif ilikuja ilipojisikia. Ya mawese ilikuja kila siku. Lakini mke wa mtu kulala nje kila wiki? Nilisema, nikasema tena, mpaka Abdulatif mwenyewe akanituliza: "Mama, mwache. Nampigia kila siku saa mbili usiku nikitoka zamu, na huko Kagunga anapokea."

Na kweli alikuwa akipokea. Alikuwa na kitochi, kale kasimu ka vitufe unakokachaji leo ukasahau hadi wiki ijayo. Saa mbili ikifika kanalia, wanaongea, wanaagana. Mimi simu sikuwa nayo. Mwanangu akinitaka ananipata kwa Ikram, na Ikram akiwa safarini ananipata kwa Nasra.

Ugomvi wote uliletwa na zawadi. Abdulatif alinunua simu mpya ya kupangusa, kioo chake kipana kama kiganja changu, akaituma kwa basi. "Sasa nitamwona sura," aliniambia. "Na betri yake siku mbili, Mama. Mwenye duka ameniapia." Ikram akaambiwa kitochi ampe binamu yake, akampa. Wiki ya kwanza tulifurahi wote. Jioni aliisimamisha simu kwenye kopo la sukari, sisi wawili tukamwona Abdulatif anakula wali kule Geita, na mimi nikamwambia anakonda.

Jumanne ikaja. Saa mbili na robo usiku Nasra aliingia kwangu mbio na simu yake mkononi, na sauti ya mwanangu ilikuwa imeshajaa chumbani kabla sijaigusa.

"Mama, Ikram yuko wapi? Napiga haipatikani!"

"Si yuko Kagunga?"

"Kagunga wiki zote alikuwa anapatikana kwa kale kakopo. Leo na simu mpya hapatikani?"

Moyoni nilikuwa na langu. Jumatano Ikram aliporudi nilimngoja mlangoni, hata madumu hayajashuka kwenye toroli.

"Ulikuwa wapi jana usiku?"

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

Akakaa kwenye kizingiti, akaitoa ile simu kwenye mkoba. "Mama, simu hii inakula chaji ajabu. Natoka Kibirizi ina mia, nafika Kagunga ina thelathini na kitu, imechemka mpaka huwezi kuishika. Nikapeleka kwa dada anayechajisha, akanionyesha kubonyeza hiki kialama cha ndege, kinakata mtandao, chaji inakaa. Nikaacha hivyo mpaka saa mbili kamili. Ilipogonga saa mbili nikaurudisha mtandao, nikampigia mwenyewe."

"Saa mbili ipi? Mwanangu amepiga saa mbili mpaka saa tatu hakupati!"

"Nimempigia saa mbili kamili, Mama. Naiona kwenye kioo. Yeye ndiye aliyeniambia ni saa tatu. Nikamwambia ni saa mbili, akanitukana. Sijui kapata wapi ugomvi huo. Labda ana lake jambo huko Geita."

Hapo ndipo aliponikosea. Mwanangu, anayeamka kabla ya adhana kulala chini ya malori ya watu, ndiye mwenye lake jambo! Nilimwambia asinijazie nyumba uongo. Akaingia ndani akapika, na tukala.

Jumanne ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Saa mbili Abdulatif anapiga, haipatikani. Saa tatu Ikram anapiga mwenyewe na kuapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ni saa mbili. Kila wiki saa nzima ya mke wa mwanangu ilikuwa inapotea, na hakuna anayeweza kusema ilikwenda wapi. Abdulatif alianza kuniuliza maswali ambayo kijana hapaswi kumuuliza mama yake, na mimi, badala ya kumzimia moto, nilipuliza. Wivu wake ameurithi kwangu. Marehemu baba yake angekuwepo angewaambia.

Nikaanza kuichunguza ile simu. Asilimia najua kusoma, nimesoma mpaka la saba. Nilikuwa nikiiangalia asubuhi inapotolewa kwenye umeme, na jioni Ikram akirudi kutoka Mwanga. Asubuhi mia, jioni sitini na tano. Asubuhi mia, jioni sabini. Anapigiwa na wateja kutwa, anapiga picha madumu yake, anasikiliza mawaidha kwa sauti ya juu, na betri haitetereki. Siku sita za wiki betri nzima. Siku moja, ile ya kulala nje, betri inakufa. Betri gani hiyo yenye ratiba?

Nikaamua kuipima. Ijumaa baada ya swala nilimwambia Ikram anipe simu, naihitaji kwa mambo yangu, mpaka Jumapili. Akanipa. Ilikuwa na asilimia mia. Nikaiweka kabatini juu ya vikombe, nikawa napita kuiangalia kama mtu anayechungulia ugali usiungue. Usiku, tisini. Jumamosi adhuhuri, sabini na tatu. Jumamosi jioni niliongea na dada yangu wa Kasulu kwa muda mrefu makusudi, ikashuka hadi sitini. Jumapili adhuhuri, siku mbili kamili, ilikuwa na thelathini na nne na haikuwa na habari. Mwenye duka aliapa kweli.

Nilitoka na ile simu mpaka bombani, wanawake wamejaa na ndoo zao. Nikamwonyesha Nasra kile kioo. Nikasema, na sikunong'ona, "Simu nzima hii. Siku mbili inakaa. Mnaona? Anayekufa Kagunga si betri." Nasra akapiga makofi. Habari ilifika mwisho wa mtaa kabla ndoo yake haijajaa.

Kisha nikampigia mwanangu. Nikamsomea asilimia zote, siku kwa siku. Halafu akasema, "Weka spika. Mwite."

Ikram alitoka jikoni, mikono ina unga. Abdulatif hakumsalimu. Akamwambia mama amepima, uongo umekwisha, na hapo hapo akamtolea talaka moja, akataja jina lake na la baba yake. Nilikuwa nataka aadabishwe. Nilikuwa nataka akatazwe Kagunga. Talaka sikuitaja mimi, lakini ilipotoka sikumwambia mwanangu airudishe mdomoni.

Ikram alijifuta unga kwenye khanga. Akaniuliza mimi, si yeye, "Mama, umeipimia wapi?"

"Kabatini. Siku mbili."

"Mimi silali kabatini, Mama. Siku moja tu panda na mimi boti, uone mwenyewe."

"Mimi nipande boti kufuata umalaya?"

Ndivyo nilivyosema. Nimeliandika neno hilo kama lilivyotoka, maana nimechoka kulizunguka.

Mwanamke wa talaka moja anakaa eda kwenye nyumba ya mumewe. Ndiyo sheria, na hekima yake ni kwamba watu wakionana kila siku hasira hushuka, na mume ana nafasi ya kumrejea kabla eda haijaisha. Hayo niliyajua. Nilifundishwa madrasa nikiwa mtoto hapa hapa Ujiji. Lakini nilimfungulia Ikram mlango na nikasimama pembeni ili apite. Akachukua nguo zake na madumu matupu mawili. Simu aliiacha kwenye mkeka, kwa sababu ni mali ya Abdulatif.

Basi simu ikawa yangu. Mwezi wa kwanza niliishi kwa mawese yaliyobaki na kwa kiburi, na vyote viwili vina kiasi chake. Mwezi wa pili wateja wa Ikram walianza kugonga mlango kuulizia, mmoja baada ya mwingine, na kuondoka. Nikasema, kwani Kagunga ni peponi? Ikram alikuwa akienda, na mimi nitakwenda. Nikampigia Abdulatif nikamwambia nasafiri Jumanne.

"Mama, umri huo, boti?"

"Nitakwenda. Na wewe nipigie saa mbili yako ile ile. Utanipata. Nataka uone mtu asiye na la kuficha anavyopatikana."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu.

Jumanne saa sita mchana nilipanda boti Kibirizi, nikabanwa kati ya magunia ya sukari na mwanamke mwenye kuku watatu. Simu ilikuwa na mia. Niliishika mkononi njia nzima, kwa sababu nilikuwa bado naipima, nataka kumwaibisha mtu ambaye hata hayupo. Tulipopita mwisho wa mji ilikuwa na tisini na sita. Boti ikafuata mwambao, milima imesimama juu yetu, na vile vijistari vya mtandao vikaanza kupungua, kimoja, kimoja, mpaka kikabaki kialama cha msalaba. Baada ya muda vikarudi. Vikapotea tena. Tulipofika usawa wa msitu wa sokwe ilikuwa na sabini. Nikaipangusa kioo, nikidhani nimesoma vibaya. Ilikuwa inachemka. Niliihamisha mkono wa kulia, nikaihamisha wa kushoto, mwisho nikaiweka kwenye pindo la khanga.

Nilishuka Kagunga ikiwa na thelathini na moja.

Sikuwa nimempigia mtu. Sikuwa nimefungua hata picha. Nilisimama kwenye mchanga, watu wananipita na mizigo, nasoma ile namba mara ya tatu. Nikasema moyoni, simu imeharibika, Abdulatif ameuziwa kitu kibovu. Lakini haikuwa imeharibika kabatini kwangu. Hapo hapo ikalia, ujumbe umeingia: nakaribishwa Burundi, na bei za kupiga kutoka huko. Mimi niko Tanzania, miguu yangu imekanyaga Tanzania, bendera ya ofisi ya kijiji naiona. Nikafuta ujumbe kwa hasira.

Nilinunua mawese yangu, nikabishana bei mpaka sauti ikakauka, nikapanga kwa yule yule mama mjane. Giza lilipokaribia simu ilikuwa na kumi na nane. Nikauliza panapochajishwa, nikaonyeshwa kibanda cha mbao chenye sola juu ya bati. Ndani alikaa mwanamke kijana, jina lake Winfrida, ana simu ishirini zimepangwa kwenye ubao na kila moja imebandikwa karatasi ya jina.

"Mwiriwe, Mama," akanisalimu kwa lugha ya huko. "Yako ina ngapi?"

"Kumi na nane. Ilikuwa na mia saa sita."

Hakushangaa hata kidogo. "Ndiyo zake hizi kubwa. Mnara wa kwetu uko nyuma ya mlima, wa Burundi uko pale, unauona? Simu inakimbilia huku, inatupwa, inakimbilia kule, haipumziki. Ngoja niiweke ndege, ila sola saa hii imeshachoka. Itapanda pole pole." Akabonyeza kile kialama. "Unamngoja mtu apige?"

"Mwanangu. Saa mbili."

"Basi kaa hapo kwenye benchi, uitazame mwenyewe. Kuna mmoja wa Ujiji, Ikram, alikuwa anakaa hapo hapo."

Nilikaa. Sikumwambia mimi ni nani. Nilikaa pale alipokuwa akikaa, lakini nilikuwa bado na neno moja la kushikilia: ile saa. Sawa, betri ilikuwa kweli. Na saa je? Aliyekuwa akikaa hapa alimpigia mumewe saa tatu akaapa ni saa mbili. Hilo halina mnara wala mlima.

Msikiti wa pale ukaadhini Isha. Nikaangalia kioo: saa moja. Nikashangaa. Isha saa moja? Waislamu wa mpakani wana haraka gani? Nikaenda kuswali nyuma ya kibanda kwenye mkeka wa Winfrida, nikarudi kwenye benchi, nikaikodolea macho simu. Saa moja na nusu. Saa moja na dakika hamsini. Ilipogonga saa mbili kamili, wala si dakika moja zaidi, niliutoa ule mkato wa ndege mwenyewe. Asilimia ishirini na saba. Jumbe zikamiminika, moja juu ya nyingine: umepigiwa, umepigiwa, umepigiwa.

Kabla sijazisoma ikaita.

"Mama! Ulikuwa wapi?"

"Niko hapa. Si saa mbili hii?"

"Saa mbili gani? Saa tatu, Mama! Napiga saa nzima! Nimeshapiga kwa Nasra, nimeshampigia mwenyekiti wa mtaa. Nilijua boti imezama!"

"Abdulatif, ni saa mbili. Naiona kwenye kioo."

"Mama, usinifanye mtoto."

"Wallahi ni saa mbili!"

Nilijisikia nikisema. Maneno yale yale, kiapo kile kile, kwenye benchi lile lile. Nikamgeukia fundi wa boti aliyekuwa amekuja kuchukua simu yake, mtu mzima mmoja anaitwa Bonaventura, ana saa ya mkononi.

"Baba, saa ngapi?"

Akainua mkono kwenye taa. "Saa tatu na dakika mbili."

"Simu yangu inasema saa mbili!"

Winfrida akacheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mgeni. "Hiyo ni saa ya Burundi, Mama. Simu kubwa zikishika mnara wao zinajirekebisha zenyewe, zinarudi nyuma saa nzima. Ukiziweka ndege zinabaki na hiyo hiyo. Sisi huku tumeizima hiyo ya kujirekebisha. Vitochi havina tabia hiyo."

"Na Ikram ulimwambia?"

"Hakuniuliza. Nilidhani anajua. Huku kila mtu anajua."

Simu ilikuwa bado inapiga kelele mkononi mwangu. Nikaiweka sikioni, na niwaambieni, sijawahi kuongea haraka vile maishani. Nikamweleza mwanangu yote: mlima, mnara, chaji, ndege, saa ya Burundi. Nikamwambia, "Mke wako hakudanganya. Wewe hukudanganya. Mlikuwa mnasoma saa mbili tofauti. Mrejee, Abdulatif. Mrejee sasa hivi, sema nisikie."

Akaniuliza:

"Nani amekufundisha maneno hayo, Mama?"

"Nimeona kwa macho yangu!"

"Hayo ya chaji ni yale yale aliyokuwa akiniambia yeye. Neno kwa neno. Amekufuata? Wamekuita wazee wa kwao, wakakupa kitu?"

"Hakuna aliyenipa kitu. Betri huku haidumu, mwanangu. Imetoka mia ikaja kumi na nane."

"Betri siku mbili. Ulipima mwenyewe. Ulinisomea asilimia moja moja, Mama, mpaka nikashindwa kula. Leo unaniambia nini? Kwamba niliacha mke kwa sababu ya kabati lako?"

"Ndiyo."

"Basi siwezi kukusikiliza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia, na akakata.

Nilirudi Kigoma Jumatano na mawese yangu, lakini sikwenda nyumbani. Madumu niliyaacha Kibirizi kwa mtu, nikapanda bodaboda mpaka Bangwe.

Mama yake Ikram alinifungulia na hakusema karibu. Alisimama mlangoni. "Eda hukaliwa kwa mume," akasema. "Wewe ukatuletea mtoto hapa kama mzigo uliorudishwa. Ameshaziona siku zake mara mbili. Zikija mara ya tatu, hana deni tena na mwanao. Umefuata nini?"

"Nimefuata kusema kweli."

Akanipisha. Ikram alikuwa uani, anachambua dagaa kwenye ungo. Alinyanyuka, akanipa shikamoo, nikaitikia, akakaa tena na kuendelea na dagaa wake. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakuna aliyenipa kigoda. Nilipofika kwenye saa ya Burundi mikono yake ilisimama.

"Kumbe," akasema. "Kumbe na yeye alikuwa anasema kweli." Akaweka ungo chini. "Mimi nilimwona mwongo, Mama. Miezi yote. Nilijua ananitafutia sababu."

Nikaona mlango wa msamaha umefunguka. Nikapiga magoti, mimi Mwanne, kwenye ua wa watu wa Bangwe, nikamwambia, "Nilikukosea. Nilikusingizia, nikakutangaza. Nimekuja kukwambia kwamba hukufanya lolote."

Aliniangalia bila chuki, na afadhali angeniangalia kwa chuki.

"Hiyo si habari, Mama. Kwamba sikufanya lolote, mimi nilikuwa najua. Umepoteza nauli. Mpelekee asiyejua."

"Nimempelekea. Hataki kusikia kwangu."

"Alisikia kwako mara ya kwanza."

Mama yake akaja na bilauri ya maji, akanipa, nikanywa, nikaondoka.

Asubuhi yake nilikwenda bombani. Sikungoja wajae. Niliwaambia waliokuwepo kwamba Ikram hana kosa, kosa ni langu, simu ilikuwa inakufa kweli na saa ilikuwa ya Burundi. Wakaguna. Mmoja akauliza kama naumwa. Nasra akainama kwenye ndoo yake akasema, "Haya, jirani, yamekwisha," na habari hiyo haikufika hata nyumba ya tatu.

Tangu hapo nampigia Abdulatif kila siku saa mbili usiku, nikiwa nyumbani, mtandao umejaa. Simu yake inaita na hapokei. Namtumia ujumbe, nauandika kwa kidole kimoja, na vile vialama vinaonyesha kwamba ameusoma. Nimemwomba ndugu wa baba yake aongee naye. Abdulatif amemwambia mzee huyo kwamba mama amechanganyikiwa baada ya safari ile, na kwamba nisiachiwe kusafiri tena.

Leo asubuhi Nasra alirudi kutoka bombani na salamu kutoka Bangwe, za mama yake Ikram. Alinong'ona, yeye ambaye hajui kunong'ona: mtoto ameziona siku zake. Mara ya tatu. Eda imekwisha.

Niliingia ndani, nikaichukua simu kwenye umeme, ina asilimia tisini na nane, nikampigia mwanangu kumwambia kwamba hana mke tena. Iliita mpaka ikakata.